Kisanduku cha Yuzawa

Ofisini kwetu hapa Tokyo, mtu akisafiri, hata safari ya siku moja, harudi mikono mitupu. Hununua kisanduku cha vitamtamu huko alikokwenda, asubuhi akakiweka juu ya kabati la chai, nasi tukachukua kimoja kimoja na kumshukuru. Hakuna anayefundishwa jambo hili. Tunalifanya kama tunavyovua viatu mlangoni.

Mazoea yana taabu, na haya ndiyo yaliyomponza Shizue Kuramochi, mwenzangu tunayetazamana naye mezani katika kiwanda kidogo cha kuchapa lebo za chupa. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mpole, hajui kukataa kazi. Likizo sijawahi kumsikia akiomba. Sisi tunaona haya kuomba siku ya kwenda kujifurahisha. Afadhali mtu aseme anaumwa. Upuuzi mtupu, lakini hata mimi nimeshaumwa hivyo.

Januari ile, kwenye kituo anachopandia treni, palibandikwa picha kubwa ya milima ya Yuzawa iliyozama katika theluji. Baridi ya Tokyo hutukausha midomo tu. Theluji tunaisikia kwenye redio. Kila asubuhi Shizue alisimama mbele ya picha ile. Jumatano moja uzalendo ukamshinda. Alimpigia bosi simu, akakohoa kwanza.

"Bosi, samahani sana. Homa imenishika tangu jana."

"Wewe, Bi Kuramochi? Basi hiyo ni homa ya kweli! Lala, usinyanyuke. Nitatafuta mtu wa kushika kazi yako."

Akapanda treni ya mwendo kasi. Viti viwili vya pembeni yake havikupata watu, akaviwekea koti na mkoba. Huko Yuzawa theluji ilikuwa imefika madirishani, na watu walikuwa juu ya mapaa wakiiondoa kwa makoleo. Alikula tambi za moto, akatumbukiza miguu kwenye chemchemi ya maji moto, akacheka peke yake. Aliniambia baadaye kwamba alijisikia msichana. Wakati wa kurudi alipita dukani kituoni, akalipia kisanduku bila kufikiri.

Alhamisi asubuhi aliingia amevaa barakoa ya mgonjwa usoni na kisanduku mkononi. Akakiweka juu ya kabati, kama kawaida, akaketi. Mlima mweupe kwenye mfuniko, na jina la Yuzawa kwa herufi nyekundu. Nilifungua mdomo nimwambie akiondoe, lakini bosi alikuwa ameshakifikia.

"Asante, Bi Kuramochi," alisema bosi, akachukua kimoja. "Homa imepungua?"

"Imepu..." Hapo ndipo alipokiona kisanduku chake mwenyewe. Masikio yalimwiva. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikudhani inaweza kuishia kwenye kabati la chai.

Watu walipita mmoja mmoja, wakachukua, wakashukuru kwa adabu. Aliyejaribu kutania ni Ogasa wa mizigo peke yake: "Jamani, homa nyingine zina ladha! Na mimi niambukizeni!" Hakuna aliyecheka. Laiti tungecheka, ingekuwa nafuu kwake.

Mwisho akaja Hatsumi Tochio, aliyeitwa jana yake kushika kazi ya Shizue. Alichukua kitamtamu kilichofungwa kwa jani la mwanzi, hakukifungua. Alikinusa.

"Yuzawa," alisema. "Ndiko kwao mama. Theluji ilikuwa nyingi?"

"Nyingi," Shizue alijibu.

"Jana nilikuwa na ruhusa, nimpeleke akaione. Tulishakata tiketi, tuko kituoni, bosi akapiga simu. Mama akaniambia, 'Nenda, mwanangu. Mtu asiyeumwa ovyo akiumwa, hali ni mbaya. Theluji haikimbii.'"

Shizue alikumbuka vile viti viwili alivyovijaza koti na mkoba. Huenda havikuwa vyao, lakini mpaka leo huwezi kumshawishi hivyo.

"Si mtakwenda Jumapili?" niliingilia, nikitafuta pa kumwokoa.

"Kesho anaingia nyumba ya kutunzia wazee. Huko hawawatoi nje mpaka baridi iishe."

Shizue alisimama, akainama mpaka paji la uso likagusa meza. "Hatsumi, nilidanganya. Sikuwa naumwa. Nisamehe."

"Inuka, Bi Kuramochi, watu wanatazama." Hatsumi hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuumiza sote. Alikitia kile kitamtamu kwenye leso, akaifunga taratibu. "Hiki nampelekea mama, atakijua kwa harufu. Tangu jana anakuulizia. Nimwambie umepona?"

Shizue aliipandisha barakoa mpaka chini ya macho, na hakuivua hadi tulipofunga kazi.