Taa Ndogo ya Pikapu

Juni hii iliyopita nilikuwa Area 47, mtaa wa Lilongwe, nimepeleka sare za shule nilizoshona, nikamkuta kijana mmoja akihangaika kuwasha gari mbele ya geti lao. Wewe nawe umeshaisikia sauti ile: injini inazunguka, inazunguka, kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya haiji. Nyuma, kwenye bomba, unatoka moshi mweupe. Nikatua kifurushi changu chini. Mtu mzima mimi, mwenye watoto, nimesimama katika barabara ya watu nalilia gari lisilo langu.

Nikuambie basi kilichonishika.

Tulifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, nikiwa mdogo, vita vikiwa bado vinawaka Kongo. Sisi ni watu wa Uvira, wa kando ya ziwa, ambako shuka ni ya kutandika tu, si ya kujifunika. Dzaleka iko juu, na upepo wake wa Juni na Julai hauna huruma. Koko, mama mzazi wa baba, miguu yake ilikataa kabisa tangu zile safari za kukimbia, kwa hiyo asubuhi alibebwa akaketishwa mlangoni, mbabula yake ya makaa mbele ya magoti. Juu ya makaa hayo alituchomea viazi vitamu, na alipopika usipa, dagaa wa Malawi, aliwasema hadharani: hawa ni binamu maskini wa ndagala zetu. Uchochoroni kulikuwa na cherehani zinazokimbia, kwaya inayofanya mazoezi, na harufu ya mandasi katika mafuta. Nisikudanganye, furaha ilikuwepo. Lakini ilikuwa furaha ya watu waliokaa kituoni, hakuna anayefungua mizigo yote.

Baba alikuwa dereva. Kule kwetu alikuwa akienda kati ya Uvira na mji wa Baraka, na kila shimo la barabara ile alilijua kwa tabia yake. Dzaleka kanisa letu lilimpa pikapu kuukuu ya mazutu, yaani dizeli, aiendeshe, naye aliiosha kama mtu anavyomwosha mtoto siku ya Jumapili. Mbele ya usukani palikuwa na alama ya taa ndogo, imechorwa mfano wa waya uliojikunja. Sikuwahi kuiona ikiwaka. Baba alisema ni pambo tu la Wazungu. Ziwani, joto lenyewe liliwasha injini, nani angengoja taa?

Kisha tukaitwa. Ujumbe ulisema familia nzima ifike katika ofisi fulani Lilongwe, asubuhi, geti linapofunguliwa. Mazungumzo yakienda vizuri, tungepelekwa kuishi katika nchi ya mbali yenye amani. Waliwataka wote wanaokula chungu kimoja, na koko akiwemo. Mama akaanza kuwaahidi majirani sufuria zake, huyu kubwa, yule ya kifuniko. Nami niliwatambia wenzangu mpaka wakachoka nami.

Koko asingeweza kufika barabara kuu kwa miguu, basi kanisa likaturuhusu kutumia pikapu. Jirani yetu, mwalimu kutoka Bukavu, kwenye milima ya baridi, alitushauri twende siku moja kabla, tulale Area 18 kwa Mkristo mwenzetu. Baba alicheka.

"Mwalimu, mwenye motokari anaenda kulala ku baraza ya bengine?"

Asubuhi ya safari kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Koko alifungwa vitenge viwili akawekwa mbele. Sisi tulipanda nyuma na nguo zetu za Krismasi. Baba akageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Moshi mweupe ukatufunika, na ulikuwa na harufu mbichi ya mazutu.

Kwa dereva wa ziwani, gari linalozunguka bila kushika lina ugonjwa mmoja: mazutu ya chupa iliyochanganywa maji. Baba alishuka akasema, "Njo maji iko mu mazutu." Akafungua chujio, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akatazama, akanusa. Mazutu ilikuwa safi. Basi akasema upepo umeingia katika mabomba. Akayalegeza, na hapo ndipo upepo wa kweli ulipoingia, ikabidi apampu kwa mkono mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Kila alipomaliza aligeuza ufunguo, na kila mara sauti ilikuwa nzito zaidi.

Mwalimu alikuja na blanketi mabegani.

"Muzee, moshi mweupe inaonesha mazutu inafika, lakini haiwake. Moteri iko na baridi. Kwetu Bukavu tunangojaka ile taa ndogo iwake, izimike, ni alama moteri imepata moto, njo tunawasha. Yako haiwake hata kidogo, imekufa."

"Benye Bukavu!" baba akajibu. "Hata njaa ikibaluma, munasema ni baridi."

Watu wakacheka, na mama akacheka nao. Ndivyo tulivyotaniana sikuzote, watu wa joto na watu wa milima, na hakuna aliyedhani utani unaweza kula siku ya mtu.

Wanakwaya walifika kusukuma. Lakini kwetu gari halisukumwi bila maombi. Tuliweka mikono juu ya boneti, na unajua tunavyoomba sisi: mmoja hamalizi mwingine hajadakia, kila mtu na mzigo wake, na wimbo katikati. Jua likatoka tukiwa tumefumba macho. Waliposukuma, matairi yaliburuta vumbi, injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Betri nayo ikawa imekwisha.

Koko akaita dirishani, sauti ndogo: "Mwana wangu, bale bantu batatungoja?"

 Baba alitazama kule mlangoni kwetu, kwenye mbabula. Mwalimu alikuwa ameshachuchumaa, anapuliza makaa. Wakaisukumia chini ya injini. Mama akaleta maji ya moto ya chai, akakanda pampu kwa kitambaa kama anavyokandwa mzazi. Betri nyingine tuliiazima kwa mwenye kibanda cha video. Baba akageuza ufunguo, na injini ikashika papo hapo. Vigelegele vilipigwa uchochoro mzima. Sijawahi kusikia vigelegele vilivyochelewa kama vile.

Tukashika njia. Lilongwe ilikuwa imeamka zamani, kabaza, baiskeli za abiria, zimejaa barabarani, jua kali. Kwenye geti mlinzi alitutazama, kisha akamtazama koko ndani ya vitenge vyake.

"Pepani, amayi," alisema kwa Kichewa, yaani pole, mama.

Majina yetu yalikuwa yameitwa, yakaitwa tena, na wageni waliokuja kutusikiliza walikuwa wameondoka kwenda uwanja wa ndege. Baba alimwomba angalau wamwone mama yake. Mlinzi alikwenda akarudi na kikombe cha maji kwa koko. Akasema tutaitwa siku nyingine. Tulikula mandasi zetu ndani ya gari, na mpaka leo siwezi kuzila zikiwa zimepoa.

Baba alijifunza. Tangu siku ile, kila asubuhi ya baridi, hata kama hakuna safari, alitoa mbabula akaiweka chini ya pikapu, akakaa kando yake mpaka injini ipate joto. Mama akimuuliza, alisema, "Leo banaweza kutuita." Ngoja ngoja huumiza matumbo, koko alikuwa akisema, akiungoja moto wake urudi mlangoni. Alikufa majira mengine ya baridi, akazikwa katika udongo mwekundu wa Dzaleka. Mwalimu na familia yake waliitwa, wakaenda. Pikapu iliuzwa kwa vipande. Vita vya kwetu vilitangazwa vimekwisha, vikaanza tena kwa majina mengine. Uchochoro ule umejaa watu nisiowajua, na sufuria kubwa ya mama bado ni yake.

Yule kijana wa Area 47 nilimsogelea, nikamwambia asubiri taa. Akasubiri. Gari likashika, akanipungia mkono akaenda.

Jioni niliporudi Dzaleka nilimsimulia baba. Siku hizi hasikii vizuri, ikabidi nirudie. Aliweka mikono juu ya magoti, macho pale ilipokuwa ikisimama pikapu.

"Na balifika?" akaniuliza.

Sikujua yule kijana alikuwa anakwenda wapi. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi, nikamwambia ndiyo, papa, balifika.