Barua ya Kibali cha Mgeni

Hapa Mbeya kuna hoteli moja ya watalii ambayo siwezi kupita mbele yake. Nikiikaribia navuka barabara, hata kama jua linachoma na kivuli chote kiko upande wa hoteli. Meneja wake ni mwanamke niliyefanya naye kazi Iringa. Hajanikosea chochote. Mimi ndiye niliyemkosea, tena kwa maandishi.

Nilikuwa karani kwenye loji nje ya mji wa Iringa, wanapolala watalii wakielekea mbugani. Yeye alikaa mapokezi, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Alizaliwa Igowole, akasoma Tosamaganga, alikuwa na stashahada ya utalii, na akianza kuzungumza Kiingereza na wageni mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye droo. Meneja wa wageni alipoacha kazi, kila mtu pale alijua nafasi ni ya huyu dada.

Ndipo akatokea kijana wa Kizungu. Alikuja likizo mwezi wa sita na kaptula mbili, akidhani Tanzania nzima ni joto, akatetemeka wiki nzima kwa baridi yetu na bado akaipenda nchi. Akasema kwao maisha yamekuwa mbio tu, anataka kuhamia huku, je, kazi ipo? Bosi alimtazama akaona watalii wakimiminika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa kiti.

Sasa, kibali cha kazi hakitoki hivihivi. Mwajiri lazima aonyeshe kwamba alitangaza nafasi na hakupata Mtanzania wa kuifanya. Bosi aliniambia neno moja: "Tangaza." Nilimwelewa vizuri mno. Nikabandika tangazo nyuma ya mlango wa stoo, nikalipiga picha, nikalibandua kabla ya chai ya saa nne. Kumbe katikati hapo dada alikuwa ameingia stoo kuchukua mashuka. Kesho yake akaja ofisini na barua ya maombi, pamoja na kiroba cha viazi kutoka kwao.

"Kamwene, kaka," alinisalimia kwa Kihehe. "Barua yangu naomba uiweke juu juu, isije ikapotea. Na hivi viazi mpelekee wifi."

"Usiwe na wasiwasi, dada. Iko mikononi mwangu."

Barua niliifukia chini ya mafaili ya magari. Viazi nilivila. Mke wangu alivisifu wiki nzima, na kila alipovisifu niliongeza chumvi kwenye sahani yangu ili niwe na la kufanya.

Kisha nikaandika barua ya kuombea kibali: pamoja na juhudi zote, hakupatikana Mtanzania mwenye sifa. Ilitakiwa pia jina la Mtanzania ambaye mgeni atamfundisha, ili siku moja airithi kazi hiyo. Nikaandika jina la dada. Nilijiambia kwamba namfanyia wema.

Ningependa kusema niliogopa tu kufukuzwa. Kuogopa niliogopa, sikatai. Lakini aibu yenyewe iko hapa: moyoni nilikubaliana na bosi. Niliamini kwamba mtalii akipokelewa na Mzungu mwenzake ataona amefika mahali pa maana. Na mimi mama yangu ni mkulima wa Igowole vilevile.

Kijana hakuwa mtu mbaya. Ila hakujua kupanga magari ya mbugani, hakujua kumtuliza mgeni aliyerudi bila kumwona simba, hakujua hata kumsalimia mpishi asubuhi. Yote hayo alifundishwa na dada. Alimwita "mwalimu" mbele ya watu, kwa heshima kabisa, na wafanyakazi wakacheka. Mimi nilicheka pia, maana ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kwenye karatasi mwalimu ni kijana.

Miaka miwili ikapita, kibali kikafika mwisho. Bosi akasema, "Chukua ile barua ya zamani, badilisha tarehe. Ongeza kwamba mwanafunzi wetu bado hajamudu kazi." Nikaongeza. Jina la dada nililiandika kamili, yote matatu, nikabonyeza ichapwe. Nilisahau kwamba printa ya ofisini ilikuwa mbovu wiki ile, na kila kitu kilikuwa kinatokea kwenye printa ya mapokezi.

Nilipokumbuka nilisimama, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Dada aliingia na karatasi zote mbili za barua, amezipanga na kuzibana pini, ule wenye jina lake ukiwa ukurasa wa juu, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama tunavyowapa wakubwa zetu.

"Kaka, kazi yako hii."

"Asante," nikasema, nikazipokea.

Alipofika mlangoni akageuka. Uso wake ulikuwa uleule wa kila siku. "Viazi vya mwaka huu vimekubali sana kule nyumbani," alisema. "Nikuletee?"

Nikamwambia asijisumbue. Alipotoka niliipeleka barua kwa bosi. Akaisaini, na muhuri nikaugonga mwenyewe.