Miwani ya Mama Odile na Kaburi la Hamidou

Mwaka 2002, mji wa Kindu nchini Kongo ulipozingirwa na njia za mashambani kufungwa, watu wetu wa mtaa wa Mikelenge walizikwa kwenye uwanja wa mpira nyuma ya shule. Makaburini hakukufikika. Mwalimu Edouard, aliyefundisha darasa la sita pale, alichimba pamoja na wanaume wachache waliobaki, na juu ya kila kaburi akaweka tofali lenye namba. Mkewe Odile, fundi wa kushona, aliandika kwa kalamu ya risasi katika daftari la shule: namba, jina, na mahali mtu alikotoka. Alibana mwandiko wake ukawa mdogo kama punje za mchele, maana daftari lilikuwa moja tu na hakujua vita vitamaliza watu wangapi.

Vita vilipoisha, wageni waliotafuta makaburi ya ndugu zao wakaanza kubisha kwake. Odile alifungua daftari, akatafuta jina, kisha akamshika mgeni mkono mpaka uwanjani. Miaka ikaenda hivyo. Uzee ulipomshika macho, chama cha walimu wastaafu kikamsaidia: kwa kadi ya Edouard, mume na mke walipata miwani ya daktari kwa nusu ya bei.

Edouard alifariki mwaka juzi, katikati ya mvua. Odile alikaa ndani karibu mwaka mzima. Alipotoka, miwani haikumfaa tena. Uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Daktari wa macho akampima, akamwandikia vioo vipya. Odile akavuka mto kwa mtumbwi hadi Alunguli, kwenye ofisi ya chama. Soudi, katibu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Edouard, aliichukua ile kadi akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama, hii karte haitumiki tena. Ilikuwa ya mwalimu."

"Na jina langu iko chini yake. Soma."

"Niko naona, mama. Lakini walibadilisha sheria. Mujane anapaswa kuja kujiandikisha mbele ya miezi tatu kuisha. Ikipita, punguzo inakufa."

"Nani alinieleza? Miye nilikuwa kwenye matanga, Soudi."

"Njo vile waliandika, mama. Unisamehe."

Soudi alimrudishia kadi kwa mikono miwili. Odile akaifunga katika ncha ya kitenge chake, akavuka mto kurudi. Bei kamili ilikuwa juu ya uwezo wake, akaendelea na miwani ya zamani.

Mwezi wa saba akaja Malaika kutoka Kisangani, mwanamke wa makamo, na shada la maua ya plastiki kwenye mfuko. Alimtafuta baba yake, Hamidou, mchuuzi wa samaki wa Lokandu, aliyekwama mjini wakati wa vita. Walilipata jina pamoja, Malaika akifuata mistari kwa kidole. Lakini namba ilikuwa imefifia.

"Hii ni ishirini na tatu ao ishirini na nane? Mama, weye njo uliandika. Angalia."

Odile akainua daftari karibu na uso. Aliona ukungu. Angeweza kusema hivyo. Lakini mtoto wa watu alikuwa amesafiri siku nyingi, na yeye hakuwahi kumrudisha mtu bila jibu.

"Ishirini na tatu," akasema.

Malaika alilia pale kwenye tofali mpaka sauti ikakauka. Akasoma dua, akaweka maua, akachota udongo kidogo katika kitambaa ampelekee mama yake mgonjwa. Kesho yake akaondoka.

Odile hakupata usingizi tena. Mwishowe akauza baiskeli ya Edouard, akanunua ile miwani. Siku alipoivaa hakugusa sindano. Alifungua daftari moja kwa moja. Hamidou alikuwa ishirini na nane. Kwenye ishirini na tatu alilala mwanamke asiyejulikana, na mtoto wake mgongoni.

Mimi, jirani wa Odile, ndiye niliyempigia namba ya Malaika. Odile akaeleza yote, hata aibu yake.

"Mama yangu alizikwa juzi," Malaika akasema. "Tulimuwekea ule udongo kwenye kifua. Alienda na furaha, akisema ule njo udongo wa bwana yake."

"Mwanangu, unisamehe."

"Sijui, mama. Leo sijui."

Akakata. Tangu siku ile hakupokea tena simu yetu.

Odile alikwenda uwanjani peke yake na jembe. Nilipopita karibu nilimwona akipalilia kaburi la ishirini na nane, akiongea na mtu aliye chini, akimweleza kwamba binti yake alifika.