Kibuyu Kilichofungia Njugu

Watu wa Nyeri wanaomkumbuka Moffat Ngatia hawamkumbuki kwa vitabu, wanamkumbuka kwa njugu. Hata hizo njugu hazikuwa zake, zilikuwa za mkewe Murugi, aliyezikaanga nyumbani na kuziuza sokoni. Kila fungu alilifunga kwa ukurasa wa hadithi ya mumewe, uliochapwa kwa mashine ya stensili, na kila ukurasa uliishia mahali pabaya makusudi. Ukitaka kujua yaliyofuata, ulirudi kununua njugu.

Lakini mambo hayakuanza hivyo; stensili na hayo makusudi vilikuja baadaye. Moffat alikuwa karani wa maziwa kule Mweiga, na jioni aliandika. Miaka ya kwanza ya uhuru, kiwanda kimoja kidogo cha kupiga chapa mjini kilimtolea kijitabu. Kilisimulia habari za Kinya, bibi arusi wa upande wa Meru, aliyepewa na mamake kibuyu kilichozibwa na kuambiwa asikifungue mpaka siku atakapojiona mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Kiliuzwa nje ya kanisa baada ya ibada, naye Moffat akawa anatembea na kalamu mbili mfukoni, ijapokuwa moja haikuwa na wino.

Kisha dunia ikageuka. Shule zikafunguliwa kila upande, na kiwanda kikaacha hadithi, kikashika vitabu vya hesabu na kalenda. Msimamizi wa kiwanda, mzee Peterson, alimrudishia Moffat nakala zilizobaki ndani ya magunia.

"Siku hizi watu wanataka kitabu ya mtihani, Bwana Ngatia," alimwambia. "Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Ni rahisi kumwambia mwenzako hivyo wakati koleo lako ni zima. Moffat aliyasukuma magunia stoo, akaapa hataandika tena hata barua ya salamu. Aliumia kweli, na hakuficha.

Murugi naye hakuwa mtu wa kuombolezea karatasi. Aliona panya wanazitafuna, ilhali yeye ananunua magazeti ya zamani ya kufungia njugu. Hakuuliza mtu. Moffat alikuja kujua siku alipopita sokoni akaona ukurasa wake umekunjwa mfano wa pembe, umejaa njugu hadi juu.

Hasira ilimpanda. Alikuwa amekwisha fungua mdomo amgombeze mkewe mbele ya watu, alipomwona Ngendo, mwanamke kutoka Wamagana aliyeuza viazi hapo karibu. Ngendo alitafuna njugu ya mwisho, akaikung'uta karatasi, akainyoosha juu ya goti, akasoma. Akageuza upande wa pili, akasoma tena. Kisha akainuka akamwendea Murugi.

"Mama Wacera, hii imekatikia mahali mbaya. Nifungie ingine, lakini na ile inafuata hii."

Moffat alifunga mdomo, akajibanza nyuma ya kabichi za watu. Tangu siku hiyo hakukosa soko. Aliwaona wanawake wakibadilishana karatasi, wa Wamagana wakiwa na ile ya harusi, wa Mweiga wakiwa na ile ya ugomvi wa mama mkwe. Watu hawa ni akina nani, alijiuliza, na walikuwa wapi kitabu kilipokuwa kizima? Jibu hakulipata, ila usingizi ulianza kumpotea kwa furaha.

Jioni moja Ngendo akabisha hodi kwake. Alikuwa amezikusanya karatasi zote, akazishona kwa uzi wa gunia zikawa kitabu kinachong'aa mafuta ya njugu.

"Baba Wacera, moja imepotea," alisema. "Ile ya kufungua kibuyu. Soko yote tumetafuta."

Moffat alikimbilia stoo. Magunia yalikuwa matupu, na yeye mwenyewe hakujiwekea nakala. Akaona basi amweleze kwa mdomo: Kinya alipozibua kibuyu alikuta ndani yake mawaidha ya mke mwema. Mzee Peterson ndiye aliyeyataka, kwa sababu hadithi bila mafunzo, alisema, haiuziki.

Ngendo alitikisa kichwa. "Ati mawaidha? Hapana. Hakuna mama anaweza ziba maneno ndani ya kibuyu. Mimi pia nikiolewa mama yangu alinipatia kitu."

"Alikupatia nini?"

"Wewe ndio mwandishi. Tafuta." Akaenda zake, kitabu akakiacha mezani.

Moffat akachukua kalamu yenye wino. Aliandika mstari akaufuta, akaandika mwingine akaufuta pia. Ukurasa huo mmoja ukimshinda, hadithi yake imekufa kweli, na safari hii hakuwa na kiwanda cha kulaumu. Aliinua macho. Murugi alikuwa jikoni, amempa mgongo, anageuza njugu kwenye sufuria.

"Mama Wacera," aliita, "siku ile nilikutoa kwenu, mama yako alikupatia nini?"

Mwiko ukasimama. Murugi aliepua sufuria, akapangusa mikono kwa leso, akamtazama.

"Miaka yote unaandika juu ya bibi arusi," alisema, "na haujawahi niuliza."

Moffat aliona aibu, lakini hamu ya kujua ilikuwa kubwa kuliko aibu. Akaiacha kalamu mezani, akavuta kigoda mpaka karibu na jiko.

"Nakuuliza sasa," akasema.