Nilisema Mama Aliteleza, Tetemeko Likafutwa

Nimekosa, na safari hii sina wa kumsukumia kosa lote. Jina langu nalificha. Ya wengine nitayataja, maana nao wana sehemu yao.

Mimi ni mtu wa Kamachumu, shule niliishia la nne. Lile tetemeko kubwa la miaka ile, lililobomoa nyumba nyingi kwetu, lilinikuta kibanjani, kwenye migomba yangu, nakata ndizi. Nikapona. Nyumba ikapona nusu. Ukuta wa jiko ulitoka tumbo, ukainamia nje kama mlevi.

Mke wangu akasema, "Tuuangushe tujenge upya." Nikakataa! Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Kaijage, alikuwa ametangaza kwamba watu wa tathmini watapita, na asiye na cha kuonyesha asitegemee bati za msaada. Wengi tuliziacha kuta vilevile, ili waje wazione. Walipita kweli. Bati zikaishia kwa mashemeji wa Kaijage! Tukaambiwa watarudi. Nikangoja miaka, na ukuta wangu umeinama.

Mama yangu alipenda kukaa nje ya ukuta huo, kwenye jua la asubuhi, akichambua maharage. Nilimwona kila siku. Sikumwondoa.

Hivi karibuni likapita tetemeko dogo. Dogo hasa, kama lori la kahawa barabarani! Majirani wakacheka, "Limetusalimia." Mimi nilisikia kishindo nyuma ya jiko.

Mama hakufa siku ile. Nyonga ilivunjika, akalala, akadhoofika, tukamzika kibanjani kando ya baba. Matofali niliyaondoa upesi, na waliokuja msibani niliwaambia aliteleza. Ningesema nini? Kwamba mama yangu kaangukiwa na ukuta niliouacha kwa ajili ya bati?

Msiba haujapoa, akaja Koku, binti ya huyohuyo Kaijage, anayeishi Miembeni, Bukoba mjini. Kaja na mwandishi wa redio. Nikajisemea: hee, Kaijage kamtuma mtoto! Sasa wanataka kula kwa jina la mama yangu.

Akapiga goti kunisalimu, akaniita tata, yaani baba kwa lugha yetu. Hata goti lake nililishuku.

"Tata, kuna kamusi elezo kwenye mtandao," akasema. "Ni kama kitabu cha kila kitu, watu wanakiandika bure. Nimeandika habari za tetemeko hili. Wenzangu wanabishana, wengine wanasema ni dogo mno, lifutwe. Redio ikitangaza kwamba kuna aliyeumia, huenda likabaki."

"Bure? Kwenu nani amewahi kufanya kitu bure?"

"Waitu, nakusihi tata, ni kweli. Bibi aliangukiwa na ukuta, si ndiyo?"

"Aliteleza."

"Na ukuta wa jiko uliokuwa umeinama uko wapi?"

"Nimeuangusha mwenyewe. Kamwambie baba yako bati za safari hii akanunue dukani!"

Yule mwandishi akanisogezea kinasa sauti. "Kwa hiyo hakuna madhara, mzee?"

"Hakuna! Hakuna aliyeumia hapa."

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Mpaka leo hatujalizungumza.

Redio ikatangaza. Nikafurahi, eti nimewakomesha!

Siku moja nikaenda mjini kwa binti yangu anayeishi Ijuganyondo. Nikamwambia anitafutie kwenye simu huo utapeli wa Koku. Akanisomea mabishano yao. Mmoja anasema matetemeko madogo yapo kila siku, wakiandika yote watajaza takataka. Koku anabembeleza wampe muda, kuna mama mzee amefariki, anatafuta uthibitisho. Mwisho wakaandika: redio yenyewe imesema hakuna aliyeumia. Ifutwe.

"Huyu Koku analipwa na nani?" nikauliza.

"Baba, halipwi na mtu. Mbona unauliza hivyo?"

Yesu na Maria! Nilitoka nje nikampigia Koku. "Mwanangu, waambie ulikuwa ukuta."

Akanijibu, "Tata, mimi nakuamini. Ila wao wanaangalia kilichotangazwa. Na kilichotangazwa ni sauti yako."

Sauti yangu mwenyewe! Kaijage alikula bati, simsamehe. Watu wa tathmini walitudanganya, nao siwasamehe. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema mama yangu hakuumia. Nilisema mimi.

Ndugu zangu wanajua aliteleza. Wanamlaumu marehemu kwamba alikuwa mbishi, hashiki fimbo. Nimekaa nao tukila, nikaitikia! Leo wasome hapa.

Na wewe unayengoja watu wa tathmini, ukuta umeinama na wazee wanaota jua chini yake, uangushe leo, bati zije zisije. Na akija mtu kukuuliza wako alikufaje, mjibu kweli kwanza. Kumshuku, utamshuku akishaondoka.