Punda Alilia Lini

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, usiku mmoja nilimsikia punda akilia chini ya dirisha letu, hapa Langoni, na kwa sababu ya sauti ile mtu alivunjwa mkono na punda mwenyewe akauawa, na aliyeanza ni mimi. Naisema mapema nisije nikaogopa nikaificha huko mbele. Naandika mbiombio, mwanangu wa miezi saba amenilalia mapajani, bado ana moto, akiamka sipati tena nafasi.

Kwetu punda si kitu. Wanapita ndiani na mchanga mgongoni, wewe wajibana ukutani, wao wapita. Lakini akilia usiku, hilo jambo jingine. Bibi yangu, mzaa baba, alitufundisha alivyofundishwa yeye: punda akilia usiku ameona shetani, sema audhu billahi, geukia upande wa pili, lala. Kwa Bibi mambo yaliishia hapo. Watu wa mtaa wakaongeza yao: akilia mara tatu naye ameuelekea mlango wako, nyumba hiyo itatoa maiti. Na walikuwa na mifano, fulani alikufa na punda alilia, na fulani vilevile, na mifano yote ilikuwa ya kweli, hapana aliyedanganya hata mmoja.

Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa. Tulikaa sisi na Bibi, na Ami Twalib, mdogo wa baba, na mkewe Bi Zuhura, na mtoto wao wa kwanza, Saidi, hajatimiza hata siku arubaini. Ami alikuwa fundi wa milango ya nakshi. Ng'ambo ya kichochoro, chumba cha chini, alipanga Bwana Shee, mtu wa Kizingitini, aliyekuja na punda mmoja kuwabebea mafundi mchanga. Hapa hakuwa na mke wala jamaa. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu alizungumza na yule punda jike kama mtu na mkewe. "Leo umeninunia nini, Bi Harusi? Jana si umekula?"

Saidi akashikwa na homa. Muuguzi akampa dawa, akamwambia Ami, homa isiposhuka kesho mrudisheni asubuhi. Kesho yake homa haikushuka, lakini Ami alikuwa na mlango wa kumalizia, mwenyewe anaungoja na boti la kuupakia lipo. Akasema, jioni. Jioni ikawa usiku, na usiku ule mtoto akafa. Mimi nilikuwa macho kitandani. Nilisikia sauti mbili, ukelele wa Bi Zuhura na mlio wa punda. Mbili, basi.

Siku ya pili ya matanga chumba kilijaa wanawake na kahawa ilikuwa ikizunguka. Jirani yetu Bi Mwanaesha akauliza, "Na punda je? Hapana aliyemsikia?"

Tangu mtoto afe hapana mtu aliyenitazama, hata chai nilijitilia mwenyewe. Nikasema, "Mimi nilimsikia."

Chumba kizima kikanigeukia. "Ndoo, mwanangu, ndoo hapa." Nikapakatwa, nikapewa halua. "Alilia mara tatu?"

"Mara tatu."

"Kuuelekea mlango wenu?"

"Kuuelekea mlango wetu."

Kila jibu lilikuwa tayari ndani ya swali, mimi nililiokota tu. Na sikuona kama nasema uongo, hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Wakiniuliza, nilimwona kabisa yule punda, kichwa juu, masikio yamesimama, anautazama mlango. Nilimwonea wapi? Dirisha letu liko juu, hata nikisimama kitandani silifikii.

Bibi akasema, "Mwacheni. Mtoto husema analotaka mkubwa."

"Bi mkubwa," akajibiwa, "wewe masikio yamezeeka."

Maneno yakashuka ngazi kahawa haijapoa. Wanaume walikuwa wametoka kusali alasiri, wamekaa barazani. Niliteremka nikamwona Ami Twalib akiinuka taratibu kama mtu aliyeitwa. Bi Harusi alikuwa amefungwa penye chuma cha ukutani, anatafuna. Salma, binti wa Bi Mwanaesha, akanitia jiwe mkononi. "Wewe ndiye shahidi. Anza."

Nikatupa. Likampiga chini ya jicho. Akashtuka, akavuta kamba, watu wakacheka. Basi kile kicheko kikafungua kitu, maana mawe yalifuata kama mvua, kisha mtu akaja na boriti la mkoko, akampiga miguu ya nyuma, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu mguu ukakubali. Akaanguka kwa magoti. Hakulia. Alikuwa akihema tu, na damu ya puani ikirukia ukuta mweupe.

Bwana Shee alitoka na kikoi na fulana, mswaki bado mdomoni. "Jamani! Mwamuulia nini mnyama wangu?"

"Mchawi wee! Wamfugia shetani milangoni mwa watu!"

"Rudi kwenu Kizingitini na shetani wako!"

"Muulizeni Bi Harusi mahari yake ni roho ngapi!" Huyo aliyesema hivyo watu walimcheka sana, na akicheka naye alimpiga Bwana Shee kibao mpaka mswaki ukaruka.

Bwana Shee akamkumbatia punda shingoni. Ami akaja na nyundo yake ya mti, ile ya kugongea patasi, akamwambia mwachie, hakumwachia, akampiga mkono. Ulivunjika kwa mlio wa kuni kavu. Wakamwangukia kwa mateke, akatema meno, na katikati ya mateke akapiga kelele: "Twalib! Punda alilia baada! Baada ya ukelele wa mkeo! Mkeo ndiye aliyemwamsha, na mimi nikaamka, nikavaa nije niwaulize kuna nini! Muulize huyo mtoto, si ndiye shahidi wenu!"

Ami akageuka kunitazama. Nyundo imeshuka kidogo. Nikasikia punda akihema, na palepale nikakumbuka, wallahi, kama mtu aliyefungua dirisha. Ukelele kwanza. Kisha punda. Mara moja tu.

Nikafanya nini? Nikamtazama Ami, nikamtazama Salma, nikatikisa kichwa kwamba la.

Nyundo ikapanda tena.

Aliyewazuia ni Bibi. Alishuka bila buibui, kanga moja tu kifuani, mwanamke ambaye sijawahi kukiona kichwa chake wazi ndiani, akajilaza juu ya Bwana Shee akasema, "Haya, nipigeni mimi. Twalib, nipige mimi, mamako." Wakarudi nyuma. Punda alilala pale mpaka alfajiri akafa, wakamburuta kwa kamba. Bwana Shee mkono wake uliunga vibaya, akarudi kwao, hakuna aliyemfuata kumtaka radhi. Nyumbani neno hilo halikutajwa tena. Bibi aliniuliza mara moja tu, miezi baadaye, akinisuka: "Alilia lini?" Nikamwambia. Akaendelea kusuka, akavuta kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka.

Nilipofika sekondari mwalimu wetu wa hesabu alituchorea ubaoni visanduku vinne. Akasema, mkitaka kujua kama jambo hili huleta lile, jazeni vyote: mara yalipotokea yote mawili, mara lilipotokea hili bila lile, mara lilipotokea lile bila hili, na mara lisipotokea hata moja. Wenzangu walijaza mambo ya mvua na mafua. Mimi nilijaza punda. Usiku wa punda na maiti. Usiku wa punda bila maiti, nikaona kalamu haiachi, maana Langoni punda hulia karibu kila usiku, mmoja akianza wenzake wanaitika. Maiti bila punda, nikamweka Bibi mwenyewe, aliyekufa mchana kweupe kimya. Kisanduku cha nne nikakiacha, nani ataujaza usiku wa watu waliolala salama? Mtaa mzima ulikuwa na kisanduku kimoja tu, na kilitosha kuvunja mkono.

Lakini kuna ambalo mwalimu hakulichora. Bwana Shee alikuwa na uso, na mlango, na hakuwa na jamaa. Ile jioni ambayo Ami alisema atampeleka mtoto, hiyo haina uso wa kupigwa. Angeipiga vipi? Sasa nimezaa ndipo ninamwelewa, na kumwelewa kwenyewe kunanitetemesha.

Mwanangu aliingia moto juzi usiku. Sikungoja jioni ya mtu, nilimbeba saa ileile mpaka hospitali, jana nikamrudisha, leo nikamrudisha, na kesho kukicha nitamrudisha. Mama mkwe wangu asubuhi alinishika bega, kwa upole kabisa, akaniuliza, "Mwanangu, hukusikia punda?" Nyuma ya ukuta wetu anakaa Bi Rukia, mjane, anafuga punda wawili wa kukodisha, na shemeji zangu tayari wanapita mlangoni kwake bila salamu. Nikamjibu, "Nalikuwa nimelala, mama."

Sikuwa nimelala. Punda alilia, tena mara tatu, na safari hii ni kabla ya homa, nina hakika, mtoto alikuwa bado ananyonya, baridi kama mtungi. Visanduku vyote ninavijua na bado mwili wanisisimka, nikimgusa mtoto paji la uso masikio yangu yako kwenye ukuta wa Bi Rukia. Wewe nimekwambia kwa kuwa mlango wake huujui. Mtu mwingine simwambii, si mama mkwe, si mume wangu, mtoto akipona simwambii, na asipopona pia simwambii.