Mlango Niliouacha Wazi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa na baridi ya kupasua midomo, na mimi nilikuwa nimeuacha mlango wa chumba changu wazi makusudi.

Lakini kwanza, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Na kuna habari ya nyumbani ambayo sitakuficha hata kwa ukurasa mmoja. Baba yako anaumwa. Amelazwa tangu wiki iliyopita, amefanyiwa upasuaji wa tumbo, na uvimbe uliotolewa umepelekwa kupimwa. Majibu bado. Yuko hai, anaongea, na analalamika kwamba uji wa hospitali hauna sukari. Ndugu tulikaa kikao hapa kwangu Buswelu, na wengine wote wakakubaliana usiambiwe mpaka umalize mitihani. Mimi peke yangu nilikataa. Kwa nini nilikataa ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo kaa, kunywa maji, unisikilize shangazi yako.

Unajua kwamba na mimi nilisoma ughaibuni kabla wewe hujazaliwa. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu Butimba na vyeti vyangu vizuri, nikapata nafasi ya kwenda kusoma Sweden, kaskazini, kwenye mji mdogo wenye duka moja, kanisa moja na mto unaoganda mpaka watu wanatembea juu yake. Ile picha uliyonitumia ya barabara isiyo na mtu hata mmoja mchana kweupe ilinichekesha peke yangu jikoni. Naijua barabara hiyo. Mtu unatoka Igogo, ambako ukikohoa usiku asubuhi jirani anakuuliza kifua kinaendeleaje, unafika mahali ambapo hata mbwa hakubwekei.

Nilipanga chumba cha juu kwenye nyumba ya mama mmoja mzee, mjane, aliyeitwa Ingrid. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye adabu kupita kiasi. Alikuwa akinikuta kwenye ngazi ananisalimia, anasema neno moja la hali ya hewa, anapita. Tulizungumza Kiingereza, yeye chake cha kuunga na mimi changu cha Butimba, na kwa miezi kadhaa hatukuwahi kukaa meza moja. Mimi nilisubiri anikaribishe. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayemkaribisha mgeni.

Simu ilikuwa chini, kwenye ukumbi wa Mama Ingrid. Nilipiga nyumbani Jumapili, kwa kadi ya kukwangua, na simu ya mkononi ya familia ilikaa kwa baba yako. Huyo baba yako, Magesa, alikuwa kijana mdogo wakati huo, ndiyo kwanza ndevu zinaanza kumtoka, na simu ile aliishika kama katibu wa mkoa. Nilikuwa naomba kuongea na Mzee, yaani babu yako Mafuru. Jumapili moja Magesa akaniambia Mzee ametoka kidogo. Jumapili iliyofuata akasema Mzee ametoka. Iliyofuata tena, ametoka. Nikacheka, nikamuuliza huyo mzee siku hizi anatembea wapi. Magesa akacheka pia, nikaridhika, nikarudi juu kusoma.

Baada ya mitihani nilimpigia rafiki yangu Dorika, tuliyesoma naye ualimu, nimsalimie tu. Nilipojitaja akasema, "Pole sana kwa msiba wa Mzee, dada. Tulikwenda wengi kijijini kwenu Majita kuzika. Tulijua hutaweza kufika."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba baba yangu amekufa na ameshazikwa. Nilimpigia Magesa, akalia kabla sijasema kitu. Aliniambia wazee waliamua nisisumbuliwe. Walitaka nifaulu. Kadi ikaisha tukiwa tunalia wote wawili, na mpaka leo najuta kwamba sikuwa na kadi nyingine.

Sasa angalia nilichofanya, na ucheke ukitaka, maana mimi mwenyewe siku hizi nacheka. Nilipanda chumbani nikaweka msiba. Nilisimamisha godoro ukutani, nikasukuma kitanda kwenye kona, meza nikaitoa nje kwenye korido ili pawe na nafasi ya watu kukaa. Nikatandika blanketi sakafuni. Nikajifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, nikaufungua mlango wote, nikakaa chini na kungoja.

Niliwangoja watu, mwanangu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, lakini kwetu nani huwa anaambiwa? Mfiwa hazunguki mitaani kutangaza. Kilio kinasikika, viti vinaonekana nje, mama wa jirani anakuja na sufuria yake, kesho yake turubai limesimama na wewe hujui limeletwa na nani. Kazi ya mfiwa ni kukaa na kulia. Na mimi nililia kwa sauti, kiasi cha kusikika mpaka chini. Mwili wangu ulikuwa unafanya tu ulichozoea kuona tangu utotoni.

Hakuja mtu. Chuoni sikwenda, na hakuna aliyekuja kuniuliza. Nilisikia Mama Ingrid akipita chini, akifungua bomba, akifunga kabati. Kesho yake vilevile. Baridi iliingia chumbani kutoka kwenye ngazi na mimi sikufunga mlango, kwa sababu mtu anafungaje mlango wa msiba? Machozi yaliisha, ikabaki hasira. Nikasema moyoni kwamba hawa si watu. Wana taa, wana barabara, wana kila kitu, ila moyo hawana. Nikashusha begi kutoka juu ya kabati na kuanza kupanga nguo. Masomo yale yalikuwa yamemfanya baba yangu azikwe bila mimi, na nilikuwa nimeamua kuyaacha hapo hapo yalipofika.

Siku ya tatu Mama Ingrid alipanda ngazi. Alikuwa amevaa koti lake la nje, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alisimama kwenye kizingiti, hakuingia, akaniomba radhi kwa kunisumbua. Kisha akauliza kama ninaweza kuufunga mlango, kwa sababu joto lote la nyumba linapotea na magoti yake yanamuuma.

Hapo nililipuka. Nilimwambia baba yangu amekufa. Nilimwambia nimekaa hapa chini tangu juzi na hakuna binadamu hata mmoja katika mji wao aliyeona vema kuja kukaa na mimi, na yeye anakuja kuzungumza habari ya joto. Nilisema mengine ambayo shangazi yako hawezi kuyarudia. Mama wa watu alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akatazama godoro ukutani, blanketi, kanga, begi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alielewa alichokuwa anakiona. Akavua viatu, akaomba ruhusa ya kuingia, akashika ukuta, akashuka taratibu na magoti yale mabovu mpaka akakaa sakafuni mbele yangu.

Nilitegemea anipe pole. Alinipa, lakini baada ya hapo alinigombeza, kwa sauti ndogo, kama mama yangu mzazi alivyokuwa akigombeza mbele ya wageni.

"Nilikusikia ukilia," akasema. "Nilisimama chini ya ngazi nikasita. Hapa kwetu mtu mwenye huzuni anafunga mlango, na sisi tunangoja mpaka aseme anataka watu. Wako ulikuwa wazi, kwa hiyo sikujua nifanye nini. Ulikuwa unaningoja mimi, na mimi nilikuwa nakungoja wewe. Lakini wewe ndiye uliyejua kwamba baba amekufa, Esta. Mimi sikujua. Umenihukumu bila kunipa nafasi ya kuwa jirani yako."

Nilijisikia vibaya, na nilijisikia nafuu kwa pamoja. Aliniuliza kwetu watu wakija msibani wanafanya nini. Nikamwambia wanakaa. Akauliza, halafu? Nikamwambia basi, wanakaa tu, hata bila kusema. Akaitikia kwa kichwa, akajifunika pembe ya blanketi langu, akakaa. Tulikaa hivyo mpaka dirisha likaingia giza, na kule giza linaingia mapema.

Kisha akashuka akapiga simu. Watu walikuja, mwanangu, kwa namna yao. Kila mmoja alipiga kwanza kuuliza aje saa ngapi, jambo ambalo lilinishangaza, lakini walikuja. Wanafunzi wenzangu wawili walileta mshumaa. Mama wa dukani alileta mikate midogo ya mdalasini. Mwalimu wangu, mtu mzima mwenye miguu mirefu, alikaa kwenye blanketi na hakujua magoti ayaweke wapi. Na waliniuliza habari za Mzee alikuwa mtu wa namna gani. Kwetu watu wangenikataza kuongea, wangeniambia nyamaza, pumzika. Wao waliniuliza, na mimi niliwasimulia habari za seremala wa Igogo aliyetengeneza vitanda vya nusu ya mtaa, asiyemwazima mtu msumeno wake hata kwa kupigiwa magoti, aliyeimba nyimbo za kanisa akikosea maneno kwa makusudi ili mama akasirike. Nilicheka nikisimulia. Begi lilirudi juu ya kabati, na masomo nilimaliza.

Baba yako sikumlaumu niliporudi. Nilimwona ni mtoto aliyeagizwa na wakubwa, na nilijua alinyamaza kwa kunipenda. Tulienda Majita pamoja, tukasimama kaburini, hatukuzungumza habari ya simu. Tumeishi hivyo miaka yote hii, ndugu wa kupendana kabisa, na neno hilo likiwa kimya katikati yetu.

Leo asubuhi nilikwenda kumwona wodini baada ya kile kikao. Kitanda chake kiko upande wa dirisha, anaona ziwa na mawe. Nikamwambia sitakubali wewe ufichwe. Akakasirika. Akasema, "Dada, mwache mtoto asome. Akipiga mwambieni nimetoka kidogo."

Maneno yale yale, Nyangeta. Nilishika chuma cha kitanda. Nikamwambia kwa mara ya kwanza habari ya mlango na begi, na zile Jumapili nilizokuwa nikicheka kwenye simu bila kujua. Nilidhani atajitetea. Badala yake akaniambia jambo ambalo hajawahi kulisema.

"Mzee alikuwa ananyoosha mkono," akasema. "Simu ikiita Jumapili anajua ni wewe, ananyoosha mkono apewe. Sauti ilikuwa imeshakwisha, ungejua anaumwa. Nikawa natoka nayo nje."

Tulilia, na muuguzi akaja kutugombeza. Tulipotulia, baba yako alifuta uso kwa shuka, akasema, "Mwambie. Mwambie leo."

Kwa hiyo nakuambia, na nasaha yangu iko hapo hapo. Huko uliko, jambo likikupata liseme. Usiweke mlango wazi ukangoja watu wasome huzuni yako, halafu ukawahesabia ubaya. Hawakukulia Igogo, hawazijui ishara zako, na wewe huzijui zao. Leo, kabla hujalala, mtafute mtu mmoja, mwenye nyumba au mwenzako wa darasani au yule mwalimu unayemsifu, umwambie kwa mdomo wako kwamba baba anaumwa na unaogopa. Ukishindwa kumaliza sentensi si kitu, ataelewa. Na sisi wa nyumbani tukikuambia kila siku kwamba tuko salama, tubane utuulize mara ya pili. Kumpenda mtu ni pamoja na kumpa habari zake, hata zile zinazomvurugia mtihani. Mtihani unarudiwa.

Sijui majibu ya kipimo yatasemaje, na sitakudanganya kwamba najua. Kurudi au kubaki ni uamuzi mtakaoufanya wewe na yeye, mkizungumza.

Mungu aliyenitunza kwenye mji ule wa baridi akutunze na wewe. Akupe watu wa kukaa nawe sakafuni. Akupe ulimi wa kusema na moyo wa kungoja, na akurudishe ufukweni kwetu ukiwa mzima, ukute waliokuaga bado wapo.

Sasa funga barua hii, upige. Ukisikia mtu yeyote, hata kama ni mama yako, anakuambia baba ametoka kidogo, usikubali. Hajatoka. Yuko pale dirishani, nimemwachia simu, na mkono ameshaunyoosha.